MALI BILA DAFTARI: KITABU CHA KADETI WA MELI

 

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeitia katika insha zangu tangu shule ya msingi, na kila mara mwalimu alinipigia tiki, nami nikidhani naielewa. Kumbe sikuielewa. Nilikuja kuielewa mwezi wa Januari mwaka huu, hapa hapa kwetu Mtopanga, nilipomkuta kakangu ameketi barazani na kitabu kimoja kinene mapajani, macho yamemwiva, hasemi na mtu. Kitabu hicho ndicho ninachotaka kukueleza leo: ni cha nini, huandikwa vipi, na kwa nini kurasa chache zisizo na sahihi zaweza kumrudisha kijana nyuma karibu mwaka mzima.

Niseme mapema kuwa kaka huyu si wa tumbo moja nami. Ni mtoto wa mjomba, ila amelelewa nyumbani kwetu, nasi hatujui kumwita kwa jina jingine. Yeye ni kadeti wa meli.

KADETI NI NANI?

Mtaani wengi wakisikia "kadeti" hufikiria askari wa gwaride. Kadeti wa meli za biashara si askari. Ni mwanafunzi wa uafisa, yule ambaye kesho atakuwa afisa wa zamu, baadaye chifu ofisa na, Mungu akipenda, nahodha. Wako wa sitaha, ambao hujifunza kuongoza meli na kutunza shehena, na wako wa injini, ambao hujifunza mitambo. Kaka ni wa sitaha. Hapa Mombasa kuna wanaosomea Bandari Maritime Academy, chuo ambacho wazee wangali wakikiita Bandari College ijapokuwa jina lilibadilika mwaka 2018. Wengine husomea Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ile Politeknik ya zamani.

Lakini meli haifundishiki ubaoni peke yake. Upo mkataba wa kimataifa uitwao STCW. Ulipitishwa mjini London mwaka 1978 chini ya shirika la IMO, lile la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mambo ya meli. Ulirekebishwa sana mwaka 1995, na tena huko Manila mwaka 2010. Mkataba huo wamtaka kadeti wa sitaha awe amekaa baharini si chini ya miezi 12 katika mafunzo yaliyoidhinishwa, na mafunzo hayo yawe yameandikwa katika kitabu maalumu cha kumbukumbu. Asiyepitia njia hiyo ya mafunzo na kitabu, sharti afikishe miezi 36. Hebu piga hesabu mwenyewe. Tofauti ni miezi 24, yaani miaka miwili ya ujana wako!

Isitoshe, ndani ya muda huo wa baharini, si chini ya miezi 6 iwe ya kufanya zamu katika chumba cha usukani, chini ya macho ya nahodha au afisa aliyehitimu. Tafadhali, msomaji, ikumbuke hiyo miezi 6. Tutairudia.

Nchini kwetu mambo haya husimamiwa na mamlaka ya bahari tunayoijua kwa herufi KMA, iliyoanzishwa mwaka 2004. Mwaka 2010 Kenya iliingizwa katika ile iitwayo orodha nyeupe ya IMO, yaani orodha ya nchi zilizothibitisha kuwa zinaufuata mkataba ule. Basi mtahini akikishika kitabu cha kadeti hatazami sura ya mtu wala ukoo wake. Hutazama tarehe, sahihi na muhuri.

KITABUNI MNA NINI?

Nilidhani kadeti ana kitabu kimoja tu. La, anazo hati tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni kitabu cha baharia. Hiki ni kama pasipoti ya kazi. Hutiwa muhuri siku ulipopanda meli na siku uliposhuka. Chasema ulikuwako melini, basi. Hakisemi ulifanya nini.

Ya pili ndiyo hiki kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Mwanzoni mna habari za kadeti mwenyewe, kisha habari za kila meli aliyopanda: jina lake, urefu, uzito, kina chake majini, na namba yake ya IMO yenye tarakimu 7. Namba hiyo haibadiliki hata meli ikiuzwa mara kumi na kupewa majina kumi. Halafu huja mambo ya usalama. Kabla kadeti hajapewa kazi yoyote, huonyeshwa mahali pa kukusanyika king'ora kikilia, jaketi lake la kuokolea, mitungi ya kuzimia moto na njia za kutokea. Akishaonyeshwa, afisa hutia sahihi.

Baada ya hapo zinafuata kazi zenyewe, kurasa na kurasa. Zimegawanywa mafungu matatu: kuongoza meli, kupakia na kutunza shehena, na kuitunza meli pamoja na watu waliomo. Kila kazi ina mstari wake. Kwa mfano, kadeti atakiwa aonyeshe namna ya kujua meli ilipo kwa kupima mielekeo ya alama za pwani, kama vile mnara wa taa. Afisa humtazama akifanya, humuuliza maswali, na akiridhika ndipo hutia sahihi na tarehe. Kuna pia kurasa za kuandika zamu alizofanya na saa alizoshika usukani. Nahodha naye hukikagua kitabu mara kwa mara na kuandika maoni yake.

Ya tatu ni shajara na ripoti. Kila siku kadeti huandika meli iko wapi, inaelekea wapi, upepo, hali ya bahari, na kazi aliyoifanya. Mara kwa mara hupewa ripoti ndefu: aeleze jinsi mashua ya kuokolea inavyoteremshwa, au achore mabomba ya maji ya kuzimia moto tangu pampu hadi omo ya meli.

Si mambo ya kigeni haya. Ahmad bin Majid, nahodha Mwarabu wa karne ya 15, aliandika habari za njia za bahari hii yetu mpaka Sofala. Na Kiswahili chenyewe kina neno "batli", yaani daftari la safari za chombo. Lingekuwa jambo geni, neno tungelipata wapi?

YALIYOMPATA KAKA

Sasa turudi barazani. Kaka alipanda meli mbili. Ya kwanza alikaa miezi 5, na mitatu kati ya hiyo alikuwa akifanya zamu. Afisa aliyemsimamia alikuwa mtu mwema lakini mwenye kazi nyingi. Kila kaka alipotaka kumpelekea kitabu, alijiambia, "Amechoka leo, nitampelekea Jumapili." Jumapili ikifika, meli ipo bandarini, makontena yanashushwa, nani ana nafasi? Zikawa zinakwenda Jumapili.

Siku moja mkataba wa afisa yule ukaisha. Alishuka alfajiri katika bandari ya mbali, kaka amelala baada ya zamu ya usiku. Alipoamka akaambiwa, "Amekwenda." Afisa aliyekuja mahali pake alisoma kurasa zile, akazirudisha. Alimwambia, "Mimi sikukuona ukifanya." Kaka anakiri kuwa afisa huyo hakukosea hata kidogo. Barua alizomwandikia yule wa kwanza hazikujibiwa.

Meli ya pili alikaa miezi 7. Mara hii alikuwa na adabu na kitabu chake, akapata miezi 4 ya zamu yenye sahihi zote. Alirudi nyumbani akiamini kuwa amemaliza. Mamangu akapika pilau, majirani wakaja. Alipokipeleka kitabu kukaguliwa akaambiwa: miezi ya baharini, 12 kamili, maana mihuri ipo. Miezi ya zamu, 4. Imebaki 2. Rudi baharini.

Utasema, miezi 2 ni nini? Tatizo ni kupata meli. Kenya haina meli nyingi za masafa marefu zenye bendera yake, hivyo vijana wetu hutegemea makampuni ya nje, na nafasi ni chache kuliko wanaozitaka. Kaka alingoja miezi 9. Kijana aliyezoea kupima nyota kwa kifaa akawa anasukuma mkokoteni wa maji hapa mtaani, kwa kuwa mamangu alikuwa amekopa pesa za masomo yake katika chama cha akina mama na deni halingoji. Watoto walimwita "Kapteni Mitungi". Alicheka nao, lakini nyumbani tulijua.

Hapo katikati alitokea jamaa mmoja wa mjini. Alisema akipewa shilingi elfu kumi atazijaza zile kurasa zote, sahihi na muhuri, hata nahodha mwenyewe hatajua. Nami nataka kusema ukweli mbele yenu wasomaji: mimi nilimuunga mkono. Nilimwambia, "Kaka, si zamu ulizifanya kweli? Uongo uko wapi sasa?"

Alinitazama kwa muda. Akasema, "Zamu nilizifanya, ndiyo. Lakini ile sahihi haisemi kuwa nilifanya. Yasema kuwa mtu fulani alisimama akanitazama nikifanya. Huyo mtu wa mjini alinitazama lini? Na nikishatia uongo mmoja mle ndani, hizi sahihi nyingine za kweli, ataziamini nani?"

Nilinyamaza. Na sababu ya kunyamaza wanaijua wanafunzi wenzangu wa kidato cha tatu. Juma lile lile tulikuwa na jaribio la kemia, lile la kudondosha asidi, na kikundi chetu kilichelewa. Tulichofanya ni kile kile ambacho wengi hufanya: tulipika majibu. Tuliandika namba tatu nzuri zinazofanana kama mapacha, wala asidi yenyewe hatukuidondosha mara tatu. Mwalimu alitupa alama. Lakini baada ya maneno ya kaka sikuweza kuifurahia alama ile, na mpaka leo sijui jibu letu lingekuwa ngapi.

RIPOTI YANGU YA LIKONI

Katika miezi ile ya kungoja, kaka alijitwika kazi ya kunifundisha kuandika ripoti, labda ili asisahau yeye mwenyewe. Mwezi wa Julai tulikwenda kumjulia hali shangazi Likoni. Tulipanda matatu mpaka mjini, kisha tukavuka kwa feri. Akaniambia niandike ripoti ya kuvuka. Niliandika hivi:

"Tulifika ferini asubuhi na mapema. Feri ilijaa pomoni. Upepo mkali ulivuma na meli kubwa ikapita. Tulivuka salama salimini na ilikuwa safari ya kupendeza."

Niliona nimeandika jambo. Yeye alitoa kalamu nyekundu kama mwalimu wa insha! "Asubuhi ni saa ngapi? Mkali, mkali kwa nani? Kwa leso ya shangazi au kwa meli? Ulivuma kutoka wapi? Meli kubwa, ilikuwa ikitoka au ikiingia? Na hiyo 'kupendeza' ya nini? Nani kakuuliza?"

Kwanza alinirekebisha saa. Melini saa huandikwa kwa tarakimu nne, kuanzia usiku wa manane. Saa yetu ya tatu na dakika kumi asubuhi ni 0910. Tena kwa kuwa meli hupita nchi zenye saa tofauti, kuna saa moja ya dunia nzima iitwayo UTC, ambayo sisi wa Kenya tumeitangulia kwa saa 3. Basi 0910 yetu ni 0610 ya UTC. "Ukiandika 'saa tatu' tu," aliniambia, "afisa Mfilipino atadhani ni usiku wa manane umepita saa tatu."

Pili, upepo. Hapo nilijitetea kwa uswahili wangu: ulikuwa upepo wa kusi. Alifurahi, kwa sababu upepo hutajwa kwa upande utokako, na majina yetu ya kusi na kaskazi yanafuata kanuni hiyo hiyo. Lakini mkondo wa maji ni kinyume chake, hutajwa kwa upande uendako. Nguvu ya upepo nayo ina kipimo, kiitwacho Beaufort kwa jina la afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekibuni mwaka 1805. Huanza 0, shwari kabisa, mpaka 12, tufani. Namba 3 ni upepo wa noti 7 hadi 10, yaani maili 7 hadi 10 za bahari kwa saa. Utaijua kwa kutazama maji: vilele vya mawimbi madogo vimeanza kuvunjika na povu jeupe laonekana hapa na pale.

Basi nikaiandika upya:

"Jumamosi. Feri iliondoka upande wa kisiwani saa 0910. Upepo wa kusi, namba 3 kwa makadirio yangu. Jua, hakuna mvua. Saa 0913 feri ilipunguza mwendo kuipisha meli ya makontena iliyokuwa ikiingia Kilindini. Mzee aliyesimama kando yangu alisema yatoka Salalah, mimi sikuthibitisha. Saa 0919 feri iliendelea. Saa 0925 ilifika upande wa Likoni na abiria wakaanza kushuka. Sikuona mtu aliyeumia."

Ni fupi, wala haina tamathali hata moja ya kumfurahisha mtahini wa insha. Lakini mtu akiisoma miaka kumi ijayo atajua kilichotokea. Na tazama ile sentensi ya mzee. Nilichokiona, nilichoambiwa na nilichokadiria vimekaa mbalimbali. Hapo, asema kaka, ndipo ripoti nyingi huharibikia.

KANUNI ZA KUKUMBUKA

Kwa muhtasari, haya ndiyo niliyojifunza kwake.

Kwanza, andika siku hiyo hiyo. Kumbukumbu ya jana imeshaanza kujipamba.

Pili, andika kwa wino, na ukikosea usifute wala kupaka rangi nyeupe. Kata mstari mmoja ili neno la zamani lisomeke, andika lililo sahihi, kisha weka herufi za jina lako. Kilichofutwa huzusha shaka kuliko kosa lenyewe.

Tatu, tumia namba palipo na namba. "Mbali", "nyingi" na "kwa muda" waachie washairi.

Nne, usiandike kazi ambayo hukuifanya, wala usimwonee haya afisa kwa kazi uliyoifanya. Mpelekee kitabu kila wiki. Heri akuone msumbufu kuliko ashuke na sahihi yako.

Tano, kifunge kitabu katika nailoni na upige picha kila ukurasa uliotiwa sahihi. Bahari haina urafiki na karatasi.

Huenda ukauliza, kwa nini niyaandike haya katika jarida la Chama cha Kiswahili, ilhali ripoti za meli huandikwa kwa Kiingereza? Nilimuuliza kaka swali hilo hilo. Alisema melini aliwaona wenzake wenye Kiingereza cha kutiririka wakishindwa kuandika ripoti, kwa sababu hawakujua kupanga jambo: kipi kilitangulia, kipi kilifuata, kipi kilisababisha kipi. Yeye alijifunzia kupanga huku, katika insha na mijadala ya chama kama hiki chetu.

Mwezi wa Oktoba simu ililia. Nafasi ilikuwa imepatikana. Mkokoteni alimwachia jirani, akaondoka na mikoba miwili na kitabu chake ndani ya nailoni mbili. Mamangu alimwombea dua mlangoni mpaka nikadhani matatu itamwacha.

Juma lililopita alituma picha kwa simu. Si picha ya bahari wala ya bandari za watu. Ni ukurasa mmoja wa zamu: tarehe, saa, na chini yake sahihi ya afisa, wino ungali unang'aa. Chini aliandika maneno machache tu: "Wiki ya tatu. Sikungoja Jumapili."

Wanafunzi wenzangu, wako miongoni mwetu watakaokuwa manahodha, wauguzi, mafundi na makarani, na kila mmoja atapewa daftari lake. Mimi langu nimeshalianza, la kurasa 96. Ripoti ya Likoni iko ukurasa wa kwanza, makosa yake yamekatwa mstari mmoja mmoja na yanasomeka. Ya jaribio la kemia nimemwomba mwalimu aturuhusu tulirudie. Amekubali.

Alamsiki.